ZAWADI YA MIKONO YAKO: SHADA LA MAUA YA KARATASI

Somo la kikao cha akina mama, siku ya pili ya maadhimisho



Kamati ya jarida iliponiambia niandike lile somo nililowafundisha akina mama, nilisita. Nikasema, jamani, jarida la kumbukumbu ni la mahubiri na historia ya ushirika, na somo langu ni la mkasi na gundi. Mama mchungaji akanijibu, "Andika kama ulivyosema, na usituletee Kiswahili cha redio." Basi naandika kama nilivyosema. Kama wewe ulikuwepo siku ile, utanisamehe nikirudia. Kama hukuwepo, chukua mkasi ukae karibu.

Kabla sijaanza kufundisha, ndugu mmoja alinyoosha mkono akauliza kama maua ya karatasi si kupoteza muda ambao mtu angeutumia kuomba. Ni swali la haki, sikumkasirikia. Nilimwomba afungue Kutoka 25, pale Mungu anapotoa maagizo ya kinara cha taa. Hakuomba taa tupu. Alitaka vikombe vilivyofanana na maua ya mlozi, na matumba yake, na maua yake, vyote vimefuliwa kwa dhahabu. Twende 1 Wafalme 6, hekalu la Sulemani: kuta zimechongwa maua yaliyochanua. Yale hayakuota shambani, yalitengenezwa na mafundi. Na yule Bezaleli wa Kutoka 31 alijazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono. Sisi Wapentekoste tunapenda sana kuzungumza habari za kujazwa Roho, ila Bezaleli huwa tunampita haraka. Ndugu yule alicheka akaketi, na baadaye nilimwona akiwakatia akina mama vijiti nje ya turubai.

Sasa tuseme ukweli wa kwetu. Kuanzia Longido mpaka Kajiado, maua yana siku mbili tu, harusi na msiba. Mama anaweza kuishi miaka sabini na kushika shada mara moja, siku aliyoolewa, tena kama alipata harusi. La pili anawekewa juu ya kaburi na mtu anayesoma orodha kwa kipaza sauti: sasa shada la watoto, sasa la wakwe, sasa la ushirika wa akina mama. Sisemi tusiweke mashada makaburini. Mimi mwenyewe nimeyaweka mengi. Nasema tu kwamba hapa katikati pana miaka mingi.

Kwa nini ya karatasi na si mabichi? Kwa watu wa mpakani kama sisi jibu ni rahisi. Ua bichi ni mmea, na mmea ukivuka mpaka unaulizwa cheti cha afya ya mimea. Ukifika nalo pale kituo cha pamoja cha Namanga, kile kilichofunguliwa rasmi 2018, ofisa akikusimamisha yuko sahihi, huwezi kumwambia eti ni la dada yangu wa kiroho. Ua la karatasi halina mdudu wala ugonjwa. Ila angalia unalifungashia nini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Kwa hiyo ule mfuko wa nailoni uliouficha tangu zamani chini ya godoro, uache hukohuko. Shada hufungwa kwa karatasi ya kaki, na linapendeza zaidi.

Lakini sababu yangu ya kwanza kutengeneza shada haikuwa hiyo. Ilikuwa deni, na lazima nieleze. Huyo dada ninayemsema amenipa ruhusa. Nilipomsomea haya kwenye simu alisema, "Andika yote, hata ile ya kusanyiko. Usiruke."

Mimi nilikuwa mtunza hazina wa akina mama upande wa Tanzania, na yeye alikuwa katibu upande wa Kenya. Tulikuwa tunachangia turubai jipya na viti. Michango ya kwao iliingia kwa shilingi ya Kenya, ikabadilishwa pale mpakani, ikaletwa kwangu kwa shilingi ya Tanzania. Nilipofunga hesabu pesa zikapungua. Hazikuwa nyingi sana, lakini zilitosha kumfanya mtu asilale. Badala ya kumpigia simu tukae naye, nilisimama kwenye kikao cha pamoja, watu wote wapo, wachungaji wapo, nikasema, "Kuna pesa imepotea upande wa pili." Hivyo hivyo. Upande wa pili palikuwa na mtu mmoja tu aliyeishika pesa ile, na kila mtu alimjua.

Hakujibu kitu. Alikusanya karatasi zake akazitia kwenye pochi. Mwezi uliofuata aliandika barua ya kuacha ukatibu.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja natafuta risiti nyingine kabisa, nikafungua lile daftari. Nikaona nilipiga hesabu kwa bei ya kubadilishia pesa ya mwezi wa nyuma yake, ile niliyokuwa nimeiandika pembeni kwa penseli. Siku waliyobadilisha, bei ilikuwa imeshuka. Nikarudia hesabu kwa bei ya siku ile. Haikupungua hata shilingi mia.

Mpendwa, unajua nilifanya nini? Nilifunga daftari. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naimba, natoa sadaka, naongoza maombi ya akina mama, na tukikutana naye kwenye kongamano tunasema "Bwana asifiwe" kwa mbali kama watu wawili wanaopishana barabarani. Halafu mtumishi mmoja akaja kufundisha Mathayo 5, pale Bwana anapomwambia mtu aliyefika na sadaka madhabahuni aiache kwanza, aende akapatane na ndugu yake. Somo nililijua tangu Shule ya Jumapili. Siku hiyo nilikuwa nimeshika bahasha ya sadaka na mkono ukawa mzito.

Nikaanza kufikiri nitamwendea na nini. Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nikawaza sukari, nikawaza khanga. Ndipo nikakumbuka jambo alilolisema zamani, tukiosha sufuria usiku wa kongamano, kabla hatujakosana. Yeye anafanya kazi kwenye shamba la maua, upande ule wa Isinya, ndani ya yale mabanda ya nailoni unayoyaona ukienda Nairobi. Kazi yake ni kukata waridi zinazosafirishwa kwenda Ulaya. Alituonyesha vidole vyake vilivyochomwa na miiba, akasema huku akicheka, "Nimekata waridi miaka yote hii na hakuna mtu amewahi kunipa hata moja."

Basi nikajua. Na hapo ndipo tunafika kwenye mkasi.

Nenda duka la vifaa vya shule, uliza karatasi ya krepu, ile laini yenye mikunjo midogo midogo tunayopambia ukumbi. Chukua nyekundu au pinki, na ya kijani. Chukua gundi nyeupe ya maji, uzi imara, na vijiti vya mishikaki. Kama unataka shina linalopinda vizuri, nunua kwa wauza vifaa vya ujenzi ule waya mweusi laini wa kufungia nondo, na uukate kwa koleo. Ribeni usinunue. Pita kwa fundi cherehani umwombe vipande vya kitenge vilivyobaki. Gharama yote haifikii bei ya kuku.

Jambo la kwanza la kujua, na hapa ndipo wengi huharibu, ni kwamba krepu ina mwelekeo. Ishike uvute huku na huku. Upande mmoja haivutiki, upande mwingine inanyooka kama mpira. Petali lazima ikatwe mikunjo ikiwa imesimama, kutoka chini kwenda juu, ili uweze kuivuta kwa upana. Ukiikata mikunjo ikiwa imelala, ua lako litakuwa kama kabeji.

Kata petali zenye umbo la tone la maji lililogeuzwa, nyembamba chini, pana juu. Ndogo tatu, upana kama wa vidole viwili. Za kati tano. Kubwa tano au sita, upana wa vidole vitatu au zaidi kidogo. Sasa shika petali kwa mikono miwili, dole gumba zote mbili zikae katikati, sukuma taratibu huku unavuta pembeni. Itabonyea iwe kama kijiko. Usiwe na haraka hapa, krepu ikichanika haina dawa. Halafu chukua kalamu, viringisha ukingo wa juu kidogo kuelekea nje, ili mdomo wa petali upinde. Hiyo ndiyo inayolifanya ua lionekane hai.

Kichwa cha kijiti kivishe pamba kidogo, ukubwa wa punje ya karanga, funga kwa uzi. Petali ndogo ya kwanza izungushe juu ya pamba mpaka pamba isionekane kabisa, imebana kama vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti. Ya pili ianzie katikati ya ya kwanza, ya tatu katikati ya ya pili. Kila petali ifunike nusu ya mwenzake. Baada ya kila petali mbili zungusha uzi mara tatu chini na uvute. Gundi haishiki peke yake, anayeshika ni uzi. Endelea na za kati, kisha kubwa, ukiziachia nafasi zaidi kadiri unavyotoka nje.

Halafu kijani. Kata kipande chenye meno matano marefu, kama taji la mfalme kwenye mchezo wa Krismasi, kizungushe chini ya ua kifiche uzi. Kwa ajili ya shina kata utepe mwembamba wa sentimita moja, na hapa mikunjo ilale, ikatize upana wa utepe, ili utepe uvutike kwa urefu wake. Tia tone la gundi juu, kisha zungusha kijiti kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukivuta utepe kwenda chini. Ukifika kati, ingiza jani moja au mawili ya kijani, endelea. Ukimaliza chini tia gundi tena. Ua moja, kwa mtu anayejifunza, ni kama nusu saa. Nilifanya tisa.

Onyo kutoka kwangu mwenyewe: usitumie gundi ya uji wa ngano. Tulikua nayo, ni ya bure, lakini inailowesha krepu mpaka rangi inatoka, na mende wanaipenda kuliko wewe unavyoipenda. Tena krepu nyekundu na maji haviwezi kukaa pamoja. Hata jasho la mkono linatosha. Kaa na kitambaa kikavu mapajani.

Kulifunga shada, shika ua la kwanza mkono wa kushoto, wima. La pili liweke limeinama kidogo, la tatu hivyo hivyo upande uleule, huku unalizungusha shada mkononi. Vijiti vitapishana chini kama kuni za mafiga, na maua juu yatafunguka kama mwavuli. Funga kwa uzi pale vinapopishana. Vijiti vikate viwe sawa. Karatasi ya kaki ikunje pembe mbili zisilingane, izungushe, kisha funga kitenge.

Ile kazi ilinichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza nilikuwa bado najitetea. Nakata petali huku nasema moyoni, na yeye naye si angeongea siku ile? Si angesema bei ilishuka? Jioni ya pili nilianza kumwona: anakusanya zile karatasi anazitia kwenye pochi. Jioni ya tatu nilikuwa nafunga mashina, nikalia mpaka gundi ikakauka nje ya chupa. Siwezi kukuambia kwamba karatasi ina upako. Ninachoweza kusema ni kwamba ni vigumu kumtengenezea mtu kitu kidogo kidogo kwa vidole vyako, saa nne na zaidi, na bado ukamfikiria kama "upande wa pili".

Nikavuka siku ya Jumapili alasiri. Mvua haikuwa imetabiriwa ila ilinyesha, manyunyu tu, kati ya kushuka kwenye matatu na kufika mlangoni kwake. Nililifunika shada kwa mtandio, haikusaidia. Nilipobisha hodi, mikono yangu ilikuwa myekundu kama mtu aliyechinja, na kaki ilikuwa na madoa. Alifungua akaniangalia. Akaangalia mikono. Akasema, "Woi, umeumia?"

Nikasema hapana, ni maua.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wengi mtatengeneza maua haya kwa ajili ya mtu mliyemkosea. Sikumpa shada kwanza. Niliketi nikaliweka chini ya kiti. Nikatoa lile daftari, nikafungua ukurasa, nikamwonyesha bei ya penseli na bei ya siku ile. Nikamwambia, "Dada, pesa haikupotea. Nilikosea mimi, na nimejua kwa karibu miaka miwili na nikanyamaza." Ua halina mdomo. Ukilitanguliza ua, unamlazimisha mwenzako atabasamu kabla hajasikia ulichomfanyia, na huo ni ujanja.

Alikaa kimya muda mrefu. Maji ya chai yalichemka mpaka yakamwagika jikoni, hakuna aliyenyanyuka. Mwishowe akauliza, "Na wale watu wote waliosikia?" Nikamwambia nitasema mbele yao. Na nilisema, kwenye kikao kilichofuata, nimesimama palepale, daftari mkononi, maana nililolisema hadharani siwezi kulifuta jikoni kwa mtu.

Ndipo nikalitoa shada. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza geuza. Watu wa maua wana macho yao, jamani. Nilitegemea machozi, akaniambia, "Hizi umezifungua sana. Sisi tunazikatanga zikiwa bado zimejifunga. Zikifika hapa, hiyo ni reject." Akachukua moja akanionyesha kwa kidole mahali ambapo waridi la kusafirishwa hukatwa: tumba limebana, petali za nje ndiyo kwanza zinaanza kuachia, lifunguke huko linakoenda. Mimi nilikuwa nimetengeneza waridi za mtu aliyekwisha kufika.

Akatafuta chombo. Hakuwa na vazi, akachukua jagi la juisi.

Kwa hiyo fundisho la kweli la utengenezaji, ambalo nililipata nyumbani kwake, ni hili: ukitaka shada lako lionekane la asili, changanya. Maua mawili yawe matumba, petali tano tu na zimebana. Manne yawe nusu. Machache ndiyo yachanue kabisa. Tangu hapo nafundisha hivyo.

Ukatibu hakurudi. Tulimwomba, akasema hapana, kwa upole, na hilo pia ni sehemu ya hesabu yangu. Ila tunapigiana simu, na mwaka huu tulikaa meza moja tukikata petali za maadhimisho.

Kuhusu utunzaji: liweke shada mbali na dirisha, jua hula rangi. Vumbi lipulize kwa mdomo au tumia brashi laini ya rangi, usifute kwa kitambaa chenye maji hata siku moja. La kwake liko juu ya kabati mpaka leo, limepauka, nyekundu imekuwa kama pinki. Nilimwambia nimletee jipya akakataa.

Kwa akina mama waliojiandikisha: tumebakiza mashada kumi na moja kwa ajili ya wazee waliotuanzishia maombi haya, pande zote mbili. Tukutane Jumamosi saa nane mchana kwenye chumba cha Shule ya Jumapili, kila mtu na mkasi wake, maana mara iliyopita tulikuwa kumi na tano kwa mikasi minne. Krepu ya kijani imeisha, mwenye kipande aje nacho. Nyekundu ipo ya kutosha. Njooni na nguo ambayo hamtaililia.

Mungu awabariki.